Nati ya Pinioni Haitaki Mashine ya Upepo

Gari linaingia gereji kwa sababu oili inavuja kwenye shingo ya difu. Fundi anafungua propela, anatoa nati kubwa ya pinioni, anang'oa sili iliyochakaa, anagongea mpya, kisha anairudisha nati kwa mashine ya upepo. Kazi imekwisha, pesa imelipwa. Baada ya muda difu inaanza kulia gari likishika kasi, na mwenye gari anaambiwa akatafute difu ya mtumba kwenye maduka ya vipuri.

Sili haina kosa. Kilichovurugwa ni mkazo wa beringi mbili zinazoushika mhimili wa pinioni, gia ndogo inayoizungusha gia kubwa ya krauni. Ni beringi za rola zenye umbo la pia, aina ambayo Henry Timken aliipatia hataza Marekani mwaka 1898, nazo hufungwa moja ikielekea kinyume cha nyingine. Nati ikikazwa, rola husukumwa ndani zaidi ya vikombe vyake. Beringi zikiwa huru, pinioni hucheza mbele na nyuma kila dereva anapokanyaga na kuachia mafuta, na meno yake hayakutani tena na ya krauni pale yalipopangiwa. Zikibanwa mno, joto hupanda, oili hushindwa kukaa kati ya vyuma, na beringi huanza kumomonyoka.

Katikati ya beringi hizo, difu nyingi zina kola nyembamba ya chuma iliyotengenezwa ili ibonyee. Kuibonyeza ni shughuli: nguvu inaweza kupita Nyutoni mita 200, kwa spana ya mpini mrefu na mtu wa pili wa kushika flenji. Ila kinachotafutwa ni ukinzani mdogo mno. Kwa beringi mpya, pikapu na magari madogo mengi hutaka Nyutoni mita 1 hadi 3 tu za kuizungusha pinioni, na kama nusu yake beringi zikiwa za zamani. Kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho. Mashine ya upepo huvuka kiwango hicho kabla fundi hajaachia kitufe.

Mwenye subira hukaza kidogo, huizungusha pinioni ili rola zikae, hupima, hukaza tena. Hupima krauni ikiwa bado nje, isije ikaongeza uzito wake kwenye hesabu. Asiye na spana ndogo ya torki anaweza kutumia mizani ya kuning'iniza: unazungushia uzi kwenye flenji, unavuta taratibu, unasoma. Uzi ukiwa sentimita 5 kutoka katikati, kilo 3 ni karibu Nyutoni mita 1.5.

Ukipitiliza, usilegeze nati ukidhani umesahihisha. Kola iliyobonyea hairefuki tena, kwa hiyo beringi zitabaki bila mkazo. Dawa ni kola mpya. Mafundi wengi wanalijua hili, ila mteja amesimama mlangoni na kola haipo dukani.

Anayebadilisha sili peke yake apime ukinzani kabla ya kufungua, aweke alama kwenye nati na kwenye ncha ya mhimili, kisha airudishe nati kidogo kidogo mpaka kipimo kile kipatikane. Baadhi ya mafundi wa magari ya mizigo huitupa kabisa kola ya kubonyea na kuweka ngumu yenye shimu, yaani vipande vyembamba vya kupangia nafasi. Kuipanga hula muda mrefu zaidi, lakini sili ikichakaa tena, nati hufunguliwa na kukazwa bila mkazo wa beringi kuhama.