Je, Wajua? Uenyeji hupimwa kwa viti

Septemba 27, 2023, CAF ilizipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa AFCON 2027. Ni mara ya kwanza nchi 3 kugawana fainali hizo. Kigezo kigumu ni viwanja: timu 24 zinahitaji angalau 6, viwili vikiwa vya watazamaji 40,000 au zaidi. Ndiyo maana Arusha ilianza kujengewa kipya cha watu 30,000, huku mashabiki wa klabu ya Namungo ya kusini mwa Tanzania, waliozoea Uwanja wa Majaliwa pale Ruangwa, wakilazimika kufunga safari ndefu. Kusini kunastahili zaidi ya hapo.

Kupewa nako si kuandaa. Ufaransa ilikabidhiwa Kombe la Dunia la ragaligi, raga ya wachezaji 13, la mwaka 2025. Mei 2023 ikajitoa, waandaaji wakiwa wameshindwa kutoa dhamana ya fedha iliyotakiwa na serikali. Mashindano yakahamishiwa Australia, 2026.