Gitare ya Likasi ilitembea kupita mwenyewe

Likasi ilikuwa ingali inaitwa Jadotville wakati Hugh Tracey alifika kutoka Afrika ya Kusini na mashini yake ya kukamata sauti, mwanzo wa miaka ya 1950. Kule njo alikuta kijana wa Bunkeya na gitare yake: Jean-Bosco Mwenda.

Wakati ule Union Minière ilikuwa imekusanya watu wa kila upande: Kasaï, Rwanda, Burundi, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), pamoja na wenyeji wa Katanga. Mu kambi waliongea Kiswahili. Lakini jioni, mtu ametoka kazi, atacheza ngoma ya nani? Ngoma ya kwenu haikuwa ngoma ya jirani. Gitare, ile haikuwa ya kabila lolote. Mwenda aliipiga na vidole viwili tu, ungesema kuko watu wawili wanapiga.

Nyimbo zake zikatiwa mu disiki za Gallotone, zile nzito za kuzunguka mara 78 kwa dakika, zikafika mpaka Afrika ya Mashariki. Sauti ilitangulia, mwenyewe akafuata: 1959 alienda Nairobi, akaimba hata réclame ya Aspro, dawa ya kichwa. Édouard Masengo naye alipitia kule. Kuko wapiga gitare wa Kenya walijifunza zile vidole kwa disiki tu, bila kukanyaga Katanga. Mwaka 1969 Mwenda alipiga Newport, Marekani. Alikufa 1990, aksida ya gari mu Zambia.

Na sisi tulibakia na nini? Disiki zile zilikuwa zinavunjika sawa sahani. Sauti Tracey alikamata zinachungwa Makhanda, Afrika ya Kusini, mu maktaba ya muziki aliyoanzisha 1954. Mtoto wa Likasi akitaka kusikia mzee wa muji wake, ni kupitia telefone, na mega zinaisha mbio.

Lakini Tracey alikuwa na tabia moja nzuri: kila wimbo aliuandikia karatasi, jina la mpigaji, lugha, mahali. Kwangu, ile ni kazi kubwa sawa na mashini. Bamama, bababa, kama kwenu kuko disiki ao kaseti ya mzee chini ya kitanda, musitupe. Mukamate sauti yake na telefone, muandike jina lake, mwaka, na kambi alikuwaka anakaa, wakati angali kuko mtu wa kukumbuka.