Tuutambue Ugonjwa Kabla ya Kuupaka Dawa

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Magonjwa ya ngozi ni vigumu kuyaficha kwa nguo, lakini sisi wakazi wa Eldoret tumebuni njia yetu ya kuyaficha: huyapaka dawa kabla ya kuyatambua. Mzazi huingia dukani, akasema mtoto anajikuna, akatoka na malhamu ambayo hata muuzaji hakuuliza itatumika kwa ugonjwa gani.

Baadhi ya malhamu hizo zina steroidi. Dawa hiyo hutuliza mwasho na uvimbe, na daktari akiiagiza kwa ukurutu, hufaa sana. Mashilingi, kwa upande mwingine, husababishwa na kuvu. Ukiyapaka steroidi, mwasho hutulia na kingo za duara hufifia, ilhali kuvu linaendelea kuenea. Mgonjwa anapofika hospitalini, alama ambazo zingemwongoza daktari zimekwisha kuvurugika. Isitoshe, mashilingi ya kichwani hayaponi kwa malhamu peke yake, kwani kuvu huingia ndani ya nywele zenyewe. Mgonjwa huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa.

Mimi ni mwalimu, na jambo linaloniuma zaidi ni upele katika shule za bweni. Nimewaona wanafunzi wakichekwa na wenzao kwamba hawaogi, kisha wakatumwa nyumbani peke yao wakatibiwe. Upele si ushahidi wa uchafu. Huletwa na kidudu kidogo mno, ambacho jike lake huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kujikuna, na muda wote huo anaweza kuwaambukiza wengine. Basi kumtibu mmoja na kuliacha bweni ni kazi bure. Wote wanaolala pamoja sharti wapakwe dawa siku moja, hata wasiowashwa. Nguo na malazi yao yafuliwe kwa maji moto. Na dawa irudiwe kama mhudumu wa afya atakavyoagiza. Mwaka 2017, Shirika la Afya Duniani liliuweka upele miongoni mwa magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Je, sisi walimu tutaendelea kuusahau?

Tabibu stadi huanza kwa maswali: mwasho huzidi saa ngapi? Nani mwingine nyumbani anajikuna? Umepaka nini? Kisha huutazama mwili, na akiwa na shaka hukwangua magamba yakachunguzwe kwa hadubini. Macho nayo hufunzwa. Vitabu vingi vya udaktari vimeeleza wekundu unaoonekana kwenye ngozi nyeupe, ilhali kwenye ngozi nyeusi uvimbe huohuo huweza kuonekana wa zambarau au wa kijivu. Mwaka 2020 Malone Mukwende, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari jijini London, alitoa kijitabu pamoja na wahadhiri wake ili kuziba pengo hilo.

Kukosea huku kuna gharama. Saratani ya Kaposi, ambayo huwaandama zaidi wenye virusi vya Ukimwi, huweza kuanza kwa madoa meusi yasiyouma wala kuwasha. Mwenye madoa hayo akizunguka maduka kwa miezi mingi, hupoteza wakati ambao angeutumia kutibiwa.

Mji wetu una Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyopewa hadhi ya rufaa mwaka 1998, na shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Moi. Ng'ambo ya mpaka, mjini Moshi, kuna kituo ambacho tangu miaka ya tisini kimewafunza matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Elimu ipo. Nawasihi walimu wenzangu: mwanafunzi akijikuna, msiulize alioga lini. Ulizeni analala karibu na nani, kisha mwiteni mhudumu wa afya aje alione bweni zima.