Kazi ya Petali za Ua la Boga

Katika bustani ndogo za Kaloleni na Jericho, upande wa mashariki wa Nairobi, si ajabu kuona mahindi na maboga yameota pamoja. Ua la mahindi halina petali, yaani majani ya rangi yanayolizunguka ua, kwa kuwa chavua yake, ule unga wa uzazi, huchukuliwa na upepo. Lakini chavua ya boga ni nzito tena hunata. Sharti ibebwe na nyuki. Kazi ya petali zake pana za manjano ni kumwita nyuki huyo.

Mmea wa boga una maua dume na maua jike mbalimbali. Jike hutambulikana kwa kiboga kidogo kilicho chini ya petali. Nyuki asipoleta chavua ya dume, kiboga hicho hunyauka kikaanguka. Dume hutangulia kuchanua. Basi mwenye bustani asilichume akidhani ni la bure.

Petali hufunguka alfajiri, na kufikia adhuhuri hufumba zisifunguke tena. Anyunyizaye dawa ya wadudu asubuhi humwua mgeni aliyealikwa. Heri angoje jioni, wala asiyanyunyizie maua.