Nilifuta kwa msasa jina la baba yake babu

MSOMAJI wangu, kuna makosa ambayo ukiomba msamaha yanaisha. Mengine unaomba, unasamehewa kabisa, lakini kilichoharibika hakirudi. Leo nakusimulia la kwangu, na chanzo chake ni bunduki mbovu.

Kwetu ni Muheza, mkoani Tanga. Darini kwa babu kulikuwa na bunduki moja ndefu iliyoviringishwa kwenye gunia. Haikuwa na komeo, yaani kile chuma kinachofunga risasi ndani ya mtutu, kwa hiyo hata kunguru isingemtisha. Babu alisema ni ya baba yake, aliyekuwa askari wa Mjerumani. Wajerumani walipoondoka Tanga Julai 1916, mzee alikuwa hoi kwa homa. Akaachwa nyuma, akarudi kwao usiku na bunduki yake.

Basi mwaka 1994, mimi kijana wa miaka 20 nisiyetulia mikono, babu akasafiri kwenda msibani Korogwe. Nikaona nimfanyie jambo la kumfurahisha. Nikanunua msasa, nikanunua na vanishi kopo zima. Siku tatu nasugua! Kitako kilikuwa cheusi kwa moshi na jasho la miaka, kimejaa mikwaruzo. Nikakisugua mpaka kikawa laini kama meza ya maharusi, halafu nikapaka vanishi mara mbili. Mwenyewe nikajisifu: fundi mimi!

Babu aliporudi nilimpelekea barazani. Akaipokea, akapitisha kidole gumba upande mmoja wa kitako. Akarudia. Akaigeuza, akapapasa upande wa pili. Kisha akaniuliza taratibu:

"Mjukuu wangu, umeifanya nzuri kweli. Ila baba yangu yuko wapi?"

Nilibaki namkodolea macho. Ndipo aliponieleza kwamba katika ile niliyoiona mikwaruzo kulikuwa na jina la baba yake, alilolichonga mwenyewe kwa ncha ya kisu, kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuoni. Mzee yule hakuacha picha wala barua. Mwandiko wake ulikuwa huo tu, nami nilikwisha kuufagia uani pamoja na unga wa mbao.

Babu hakunigombeza. Bora angenigombeza.

BUNDUKI YENYEWE

Aibu ndiyo iliyonitia hamu ya kuijua bunduki ile. Ubavuni, kwenye chuma, iligongwa maandishi ya Kijerumani: I.G.Mod.71. Maana yake ni bunduki ya askari wa miguu, aina ya mwaka 1871, iliyobuniwa na Mauser. Inapakiwa risasi moja moja, nene, ya milimita 11, na baruti yake ni ile nyeusi ya zamani.

Hizo ndizo bunduki walizokuwa nazo askari wengi wa Kiafrika katika jeshi la Mjerumani vita ilipoanza mwaka 1914. Zilikuwa zimepitwa na wakati. Ukifyatua, linapanda wingu jeupe la moshi, na adui anajua ulipo. Hata hivyo, Novemba 1914 Waingereza waliposhusha jeshi kubwa kutoka India pale Tanga, walishindwa, wakarudi melini na kuacha nyuma mamia ya bunduki za kisasa. Askari wakaziokota.

Aprili 1915 meli ya Wajerumani iitwayo Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki, ilipigwa mizinga na Waingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Wajerumani waliopoa humo shehena kubwa ya bunduki mpya na risasi. Lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, na ikabidi nyingi zifunguliwe moja moja, zisafishwe na baruti yake ianikwe. Kazi ya kukarabati silaha kuukuu, kumbe Tanga tumeianza zamani!

WANAOKUSANYA WANASEMAJE

Ulaya na Marekani kuna watu wanaokusanya bunduki za aina hii kama wengine wanavyokusanya stempu. Ukisoma mafunzo yao utakuta kila kosa langu limekatazwa. Cha kwanza, hakikisha haina risasi ndani. Na risasi za zamani usiziguse, waite wanaohusika. Msasa ni haramu. Vumbi hutolewa kwa kitambaa laini, kutu kwa mafuta mepesi na subira. Mbao ikibonyea, huwekwa kitambaa kibichi na kupitishiwa pasi ya moto, ule mvuke unaivimbisha tena. Badala ya vanishi hupakwa mafuta ya kitani, kidogo kidogo, kwa kiganja. Rangi ya uzee na alama za mikono ya watu huachwa zilivyo. Bunduki iliyong'arishwa kama yangu, kwao bei yake inaanguka.

Halafu wanatazama namba. Mauser ya zamani ina namba yake kwenye mtutu, na tarakimu zake zimerudiwa kwenye vipande vingine, hadi vichwa vya skrubu. Vyote vikilingana, mwenye mali anachekelea. Niliposoma hayo nilikaa kimya. Skrubu ilipewa namba, lakini aliyeibeba bunduki, kama hakulichonga jina lake mwenyewe, hana pa kuonekana. Na huyo mmoja aliyelichonga, nikaja mimi na msasa.

MWISHO WA BUNDUKI

Babu alifariki mwaka 1999. Gunia likahamia kwa baba mkubwa, na ugomvi ukaanza. Wengine walitaka iuzwe kwa Wazungu, wengine walitaka izikwe. Mimi nilisema hapana: silaha bila kibali ni kesi, iwe mbovu au nzima, na sheria ya mwaka 2015 haina mzaha. Mwaka 2022 serikali ilipotangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, tukaibeba hadi polisi, mimi na baba mkubwa.

Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mwungwana. Akainakili namba, tarakimu baada ya tarakimu. Kisha akauliza:

"Ilikuwa ya nani hii, wazee wangu?"

Baba mkubwa akanitazama. Nikalitaja jina la baba yake babu, lote, na la baba yake pia. Kijana akaliandika pembeni ya namba, kwa kalamu ya wino.

Nilimwomba anisomee alichoandika. Akanisomea. Nikamwambia asante, tukatoka nje, baba mkubwa akanishika bega hadi kituo cha basi.

Wewe nyumbani kwenu kuna nini darini? Kabla hujachukua msasa, muulize mzee.