Kihisi cha Kamera na Rangi ya Utendaji: Suala kwa Watafiti wa Fasihi Simulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi anaporejea kutoka nyanjani, aghalabu huhakiki sauti kwanza. Rangi huiamini tu. Ilhali katika utendaji rangi ni sehemu ya matini: leso aliyojifunga fanani, kanzu ya mghani, uso unaobadilika kadiri kisa kinavyoendelea. Rekodi ikipotosha rangi, uhakiki unaojengwa juu yake hupotoka pia. Makala haya yanadhamiria kueleza chanzo cha upotofu huo.

Nyuma ya lenzi ya kamera ya video mna kihisi, yaani kibapa cha silikoni chenye mamilioni ya pikseli zinazopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Wengi hawatambui kwamba kihisi chenyewe hakioni rangi kamwe. Hupima wingi wa mwanga tu. Rangi hupatikana kwa kuuchuja mwanga huo kabla haujakifikia.

Kihisi cha aina ya CCD kilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs, nao wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Kwa miaka mingi kamera za studio za televisheni zilitumia vihisi vitatu. Mche wa kioo uligawa mwanga kuwa nyekundu, kijani na samawati (wengine husema buluu), kila kihisi kikapima rangi yake. Matokeo yalikuwa mazuri, lakini kamera hizo zilikuwa nzito na ghali.

Njia ya pili ni ile ya Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, aliyepewa hataza mwaka 1976. Hapa kihisi ni kimoja, na kila pikseli huvikwa kichujio cha rangi moja. Katika kila pikseli nne, mbili ni za kijani kwa kuwa jicho la binadamu hupambanua undani hasa kwa mwanga wa kijani. Rangi mbili zinazokosekana katika kila pikseli hukadiriwa kutokana na pikseli jirani. Kwa hiyo thuluthi mbili za taarifa za rangi ni makisio! Ndiyo sababu nakshi finyu za leso huweza kuzua michirizi ya rangi isiyokuwako kitambaani. Simu nyingi za mkononi hutumia utaratibu huu au wenye kufanana nao, huku kihisi cha aina ya CMOS kikiwa kimechukua nafasi ya CCD.

Tatizo huzidi gizani, na ngano husimuliwa sana usiku. Pikseli ndogo hukusanya mwanga haba. Kamera inapoukuza umeme huo dhaifu, hukuza pia kelele zake, nazo hujitokeza kama madoadoa ya rangi. Ngozi nyeusi na nguo za rangi nzito hurudisha mwanga mchache, hivyo huathirika mapema. Fanani akiketi mbele ya ukuta mweupe, kamera inayojipimia mwanga yenyewe huupunguza, na uso wake ukapotea kivulini. Lawama hapa ni ya mpigapicha.

Kadhalika, mwanga wa balbu una umanjano kuliko wa jua la adhuhuri. Mtafiti aielekeze kamera kwenye karatasi nyeupe chini ya mwanga uleule wa utendaji, airekebishe kwa mkono, na aandike daftarini rangi za mavazi kama jicho lake lilivyoziona.