Pete Inayotaja Umri Wake

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo nitawasimulia pete ya malkia, kisha niwafundishe kuisoma pete ya zamani, kwa kuwa iko siku nanyi mtaposa au mtaposwa.

Oktoba 1839, katika kasri la Windsor huko Uingereza, Malkia Victoria alimwita faraghani binamu yake Albert, kijana wa Kijerumani. Hakuna aliyethubutu kumposa malkia. Desturi ilitaka atamke mwenyewe. Basi binti yule wa miaka 20 akaposa! Albert akakubali, akampa pete ya dhahabu yenye umbo la nyoka, na kichwani mwa nyoka zumaridi, kito cha waliozaliwa mwezi Mei kama Victoria. Msishtuke. Kwa watu wa kule zama zile, nyoka aliyejizungusha alikuwa alama ya penzi lisilokoma. Wengi wakaiga, na pete za nyoka za karne ile zinauzwa hadi leo.

Victoria alitawala hadi 1901, na muuzaji hakosi kuapa kwamba pete yake ni ya enzi hizo. Msikieni, lakini msimwamini kabla pete yenyewe haijasema.

Itasemaje? Omba lenzi ya sonara, uchungulie upande wa ndani. Waingereza hugonga mihuri midogo kwenye dhahabu iliyopimwa. Kichwa cha chui maana yake ilipimwa London. Nanga ni Birmingham, ingawa mji huo uko mbali na bahari. Aghalabu huwepo pia herufi ya mwaka, na sonara mzoefu ana jedwali la kuisomea. Mimi nayapenda zaidi maandishi ya 15 na .625, yaani sehemu 15 kati ya 24 ni dhahabu halisi. Kiwango hicho kiliruhusiwa Uingereza mwaka 1854 na kikafutwa 1932. Pete yenye muhuri huo imekwisha kukutajia umri wake. Nyingine hazina muhuri, au umefutika kwa kuvaliwa. Hapo itabidi kito kiulizwe.

Almasi za zamani zilikatwa kwa mkono na kwa makadirio ya jicho, zikakusudiwa kung'aa kwenye mwanga wa mishumaa. Itazame kutoka juu: mara nyingi utaona katikati kama kijitundu. Si tundu, ni ncha ya chini iliyokatwa bapa. Umbo la almasi hiyo huwa halilingani sawasawa pande zote, na kwangu huo ndio uzuri wake. Kila moja ina sura yake, na hakuna ya pili.

Sasa sikilizeni hili linalotuhusu. Mtu akikuletea pete ya enzi za Victoria yenye tanzanaiti, akasema kito ni kilekile cha mwanzo, mkatalie. Tanzanaiti iligunduliwa Mererani, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1967, na Victoria alikuwa amekwisha kufa miaka 66 kabla. Pengine dhahabu ni ya kale kweli, lakini kito kimepachikwa juzi, na bei lazima ishuke.

Halafu fikirieni mkono utakaoivaa. Lulu huchunika upesi, na zumaridi hupata ufa ikigongwa. Mchumba anayefua, anayelima au anayeosha vyombo kila siku atafaa kuvaa almasi au yakuti. Vikucha vinavyoshika kito navyo huliwa na miaka. Sonara avikague kabla hamjalipa, na aseme kama pete inaweza kupanuliwa bila kuukata muhuri.

Mkiridhika, daini risiti inayotaja umri wa pete, kiwango cha dhahabu na jina la kito. Muuzaji akikataa kuandika aliyoyasema kwa mdomo, mrudishieni pete yake mwondoke.